Jiwe la Mizani

Kazi yangu ni kupima dagaa, Kirumba mwaloni.
Mizani yangu ni ya zamani, sahani mbili na mawe ya chuma;
vijana wananicheka, wao wana za betri.
Lakini najua gramu mia zinavyozua ugomvi,
na najua mkono wa mtu anayetaka kuniibia.

Kichwa changu ndicho kilichonishinda kupima.
Shuleni Pasiansi mwalimu aliniita mnandi:
nazama hapa, naibukia kule,
swali liko ubaoni, mimi niko ziwani.
Nilikuwa na miaka thelathini na nne
Daktari Bwire alipoipa hali ile jina,
akaandika dawa, akasema: tunaanza na kidogo.

Kidogo! Nilisonya kimoyomoyo.
Maisha yote nimechelewa, halafu kidogo?

Kidogo kilinipa asubuhi moja tulivu,
hesabu zikakaa kwenye mistari yake.
Kufika saa nane, mnandi huyoo, kazama.

Basi siku ya wanunuzi wa Kongo, malori manne,
nikameza viwili.
Sikutumwa na mtu. Nilijituma.

Loo.
Saa nne moyo unadunda kama mashine ya boti iliyokwama kwenye magugu.
Mdomo mkavu. Ugali wangu akala Ng'washi.
Hesabu zilinyooka, ndiyo, zilinyooka mno:
gunia lile lile nililipima mara saba,
nikamfokea mtoto wa watu kwa ajili ya kamba.
Usiku nikawahesabu mbwa wa Kitangiri,
mmoja mmoja, hadi adhana.

Jumanne nikapanda kilima kwenda kliniki
na uongo wangu nimeukunja vizuri kama leso.
Sista Limi akanifunga mkono, akapima presha,
akangoja, akapima tena,
akamtazama daktari.
Uongo ukakunjuka wenyewe.

Hakufoka. Heri angefoka.
Aliuliza: Unalala saa ngapi? Unakula?
Kahawa, vikombe vingapi?
Na ile dawa ya mafua ya duka la Mabatini, bado unatumia?
Nikasema ndiyo. Akaiandika na hiyo.
Kwenu kuna mwenye ugonjwa wa moyo?
Nikamkumbuka baba mdogo Mabula, aliyeanguka akifunga mtumbwi.
Sikuwahi kumtaja. Sikujua kwamba anahusika.

Kisha akaweka kalamu chini.
"Mizani yako, ukitaka kuisawazisha, unafanyaje?"
Nikacheka, swali la kitoto hilo:
"Naongeza jiwe moja dogo.
Natoa mkono. Nangoja mshale utulie."
Akanyamaza.
Nami nikajisikia nilichosema.

Alinirudisha nilikoanzia. Wiki mbili.
Kipimo cha moyo kwanza, ndipo tutaongea habari ya kupanda.
Tukapanda, padogo; mwezi uliofuata tukashuka,
maana nguo zangu zilianza kunipwaya.
Sasa kuna daftari, jalada la twiga, la mwanangu Nyanjige:
*Jumatatu. Nimelala saa sita. Sahani nimemaliza.
Mikono haitetemeki. Saa tisa mnandi amezama, kaibuka karibu.*
Nyanjige amemchora pembeni, shingo ndefu kupita kiasi.

Jana Kashindye wa ng'ambo ya mtaro kaja kuomba kimoja,
kijana wake ana mtihani.
Nimempa chai. Nimempa na jina la kliniki, na siku.
Cha kabatini sikumpa; amenuna, na akanune.
Vile vimepimwa kwa mwili huu,
wenye baba mdogo Mabula ndani yake.

Hatujafika bado. Kuna siku za ovyo,
siku ambazo mkono unawasha kuongeza
na hakuna anayeniona.
Sahani zinapanda, zinashuka.
Alhamisi ijayo nina miadi.
Nimetoa mkono.